Maji ya Moto au Barafu? Namna ya Kumkanda Mbwa Anayeumwa Viungo

Kuanzia Juni, kipupwe kikiingia Tabora na joto la usiku kushuka hadi nyuzi 15 hivi, mbwa wazee wa Isevya, Ipuli na Kiloleni huanza kuamka kwa tabu. Mbwa aliyelala kwenye saruji ya baraza ananyanyua mbele kwanza, nyuma inabaki chini, anajivuta, kisha anatembea hatua fupi fupi mgongo umepinda. Kufika saa nne, jua likishapanda, utadhani si yeye. Wengi husema "uzee huo" na kumwacha. Uzee hauna dawa, lakini kiungo kilichokakamaa kinakandika, na vifaa vya kukandia tayari unavyo jikoni.

Joto linasaidia na baridi inasaidia. Shida huanza vikibadilishana nafasi. Ukikanda kwa maji ya moto goti lililoteguka jana, unaongeza uvimbe. Ukiweka barafu kwenye nyonga iliyokakamaa alfajiri, unaikaza zaidi. Kwa hiyo kabla hujawasha jiko, mkono wako ndio utakaoamua.

Shika mguu kabla hujashika sufuria

Anza kwa kumtazama mbwa kwa mbali. Kama miguu ya nyuma imepooza ghafla bila kugongwa wala kuanguka, taya imelegea, mate yanamtoka, sauti imebadilika au tabia imegeuka, usimguse kabisa. Kichaa cha mbwa huweza kuanza kwa kupooza, na anayekufa nacho si mbwa peke yake. Mfungie mahali pasipo watu na umwite afisa mifugo wa kata. Akiwa amekwisha kukung'ata, au mate yake yameingia kwenye kidonda, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kisha nenda hospitali siku hiyohiyo. Na mbwa ambaye hajachanjwa, achanjwe kabla hujawa na mazoea ya kumshikashika miguu kila siku.

Akiwa mbwa mwenye akili zake, anza na unyayo. Huku kwetu kwenye migunga, nusu ya kuchechemea ni mwiba. Fungua vidole kimoja kimoja, tazama katikati yake kama kuna kupe, jipu au kucha iliyopasuka. Kupe wawatazame kwa makini: kupe wa mbwa hueneza ugonjwa unaoleta homa na, kwa baadhi ya mbwa, viungo kuvimba na kuuma. Mbwa mwenye kupe wengi, aliyepoa, asiyekula na anayechechemea leo mguu huu na kesho ule, anahitaji daktari wa mifugo na vipimo vya damu. Huyo hata ukimkanda mwezi mzima hatapona.

Unyayo ukiwa mzima, panda juu kiungo kwa kiungo. Mguu wa nyuma huwachanganya wengi: goti la mbwa liko juu, karibu na tumbo, linakunjia mbele. Kile kiungo cha chini chenye ncha inayochomoza nyuma ni kifundo, sawa na kisigino chako. Weka mgongo wa mkono, usiweke kiganja, juu ya kiungo unachokishuku kwa sekunde chache, kisha juu ya kiungo kama hicho cha mguu wa pili. Rudia. Viganja vilivyozoea jembe na sufuria vinadanganya, mgongo wa mkono unasikia tofauti ndogo.

Kiungo kikiwa na moto kuliko mwenzake, kimevimba, au kiliumia ndani ya siku mbili tatu zilizopita, dawa yake ni baridi. Kikiwa hakina moto wala uvimbe lakini ni kigumu kukunja, hasa asubuhi au baada ya kulala, na tatizo limekuwepo kwa wiki au miezi, dawa yake ni joto. Mbwa mzee mwenye gegedu (ule mfupa laini wa kwenye kiungo) lililolika huangukia hapa mara nyingi. Naye akicheza sana siku moja, kiungo kilekile cha zamani huweza kuvimba na kushika moto. Siku hizo anahama upande wa baridi mpaka kitulie.

Wenye mbwa husema, "Huyu hang'ati, bwana." Hang'ati akiwa mzima. Mbwa mwenye maumivu huweza kumng'ata hata aliyemlea. Awepo mtu wa pili, yule anayemlisha, akae upande wa kichwa. Mbwa akijilamba midomo bila chakula, akigeuza shingo kutazama mkono wako, au weupe wa jicho ukionekana pembeni, ondoa mkono na umwache apumzike. Akiunguruma, shukuru kwamba ametangulia kusema.

Kukanda kwa joto

Joto hutanua mishipa ya damu, hulegeza misuli iliyojikaza kukilinda kiungo kibovu, na hufanya ute wa ndani ya kiungo uwe mwepesi. Ndiyo maana wakati mzuri ni kabla ya kutembea: asubuhi akiamka, na jioni kabla hajaanza zamu ya kulinda.

Andaa beseni, taulo mbili ndogo za pamba (za mitumba zinafaa sana, kwa kuwa zimeshalainika), taulo moja kavu kubwa, na mkeka au gunia la kulalia. Vyombo hivi viwe vya mbwa peke yake, viwe na alama, vikae nje. Kwa nyumba nyingi za Tabora, ambako mbwa haingii ndani na beseni aliloligusa haliwezi kurudi jikoni, jambo hili halihitaji maelezo. Kwa wengine ni usafi tu, maana mbwa ana minyoo inayoweza kumwingia mtu.

Maji ya kukandia yawe kati ya nyuzi 40 na 45. Mwili wa mbwa una nyuzi 38 hadi 39, kwa hiyo hayo yanatosha kabisa. Mbwa hahitaji maji ya kumwivisha. Kama huna kipimajoto, tumia vikombe. Mimina kwanza vikombe vitatu vya maji ya ndoo ndani ya beseni, kisha kikombe kimoja cha maji yaliyochemka. Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, na mchanganyiko huo wakati wa joto hukupa kama nyuzi 43. Kipupwe maji ya ndoo yanapokuwa baridi, ongeza theluthi ya kikombe cha yaliyochemka, kidogo kidogo. Ukitumia maji ya mtungini hesabu hiyo itakupa maji ya uvuguvugu tu, kwa kuwa mtungi umeshayapoza.

Chovya taulo, likamue hadi lisidondoke, kisha liweke kwenye ngozi ya ndani ya mkono wako, chini ya kiwiko, kwa sekunde 30 nzima. Watu hugusa nusu sekunde na kusema "safi". Sekunde ya 20 ndiyo inayokwambia ukweli. Kama wewe unataka kulitoa, mbwa naye atataka, ila yeye hana mdomo wa kukwambia.

Mlaze kwa upande, mguu unaouma ukiwa juu. Zungushia taulo kwenye kiungo bila kukaza. Kwa nyonga, lilaze tu juu kuanzia kiunoni hadi katikati ya paja. Funika kwa taulo kavu ili joto lisitoroke. Baada ya dakika mbili, inua na utazame. Mbwa wa kienyeji mwenye manyoya mafupi hupata joto haraka kuliko German Shepherd mwenye manyoya mazito, na ndani ya paja ngozi ni nyembamba kuliko mgongoni. Ngozi ikiwa nyekundu sana, acha. Kwa mbwa mwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani, kwa hiyo gusa: ikiwa ngozi inachoma mkono wako, imezidi.

Taulo hupoa ndani ya dakika nne au tano. Badilisha na la pili, na urudie hadi zitimie dakika 15, zisizidi 20. Mara mbili kwa siku zinatosha, tatu kwa siku za baridi kali. Nusu saa ya taulo moto sana haifanyi kazi ya dakika 15 za taulo la wastani, inachoma tu.

Kuna jike mmoja mweusi wa jirani, mlinzi wa ghala, ambaye nyonga zake zimekwisha. Taulo likigusa mara ya kwanza hukaza paja zima, unaona misuli ikicheza chini ya manyoya, na mkia huingia katikati ya miguu. Huachwa hivyo hivyo, mkono juu ya taulo bila kubonyeza. Dakika ya tatu au ya nne pumzi hubadilika, hutoa ile pumzi ndefu ya puani, na mguu wa chini hujinyoosha wenyewe mpaka vidole vinaachana. Hapo ndipo misuli imelegea, na hapo ndipo pa kuanza kuchua. Ukianza kabla, unapigana na paja.

Ukitoa taulo la mwisho, kausha vizuri. Manyoya mabichi kwenye upepo wa Julai yatapoza kiungo kuliko ulivyokikuta. Kisha chua misuli ya juu na ya chini ya kiungo kwa vidole bapa, duara ndogondogo, dakika tatu hivi. Usibonyeze mfupa wala kiungo chenyewe. Halafu kunja na kunjua mguu taratibu mara nane hadi kumi, ukiishia pale anapoanza kupinga. Usivute zaidi. Malizia kwa kumtembeza dakika kumi kwenye njia tambarare.

Njia nyingine za joto zipo. Chupa ya plastiki yenye maji ya moto, iliyofungwa kwa taulo kukunjwa mara mbili, inafaa kwa nyonga, ila usitie maji yanayochemka kwenye chupa nyembamba ya maji ya kunywa: itajikunja na kuvuja. Soksi nene yenye mchele mkavu pia inafaa. Kaanga mchele kwenye sufuria kavu ukikoroga muda wote, uache upoe kidogo, utie kwenye soksi, funga, kisha itikise vizuri na kuipima mkononi kama taulo, kwa sababu punje za chini hubaki na moto kuliko za juu. Mchele huo baadaye ni wa mbwa, haurudi chunguni.

Mchanga wa moto na jiwe la moto sivipendekezi hata kidogo, havipimiki. Jiko la mkaa kumwekea mbwa bandani ni hatari mara mbili: ataungua, na hewa ya mkaa kwenye banda lililofungwa huua kimya.

Jua la saa mbili hadi saa nne asubuhi ni joto la bure. Mtandikie gunia mahali lilipo, na kivuli kiwe karibu ili aondoke mwenyewe akitosheka. Oktoba ni habari nyingine. Mchana hapa hupita nyuzi 30, mbwa anahema ulimi nje tangu asubuhi. Kanda alfajiri tu, au uache siku hiyo.

Kukanda kwa baridi

Baridi hubana mishipa ya damu, hupunguza uvimbe, na kutia ganzi kidogo kwenye neva zinazopeleka maumivu. Ni ya saa 48 hadi 72 za kwanza baada ya kuteguka au kugongwa kidogo, na ya siku ambayo kiungo cha zamani kimechokozwa.

Barafu ya vipande vidogo ni bora kuliko chupa iliyoganda, maana chupa ni ngumu na haikumbatii goti. Weka vipande kwenye kitambaa, ponda kwa mchi, funga. Mfuko wa njegere zilizoganda, kwa mwenye friza, unafanya kazi nzuri zaidi kwa sababu unajikunja. Kati ya barafu na ngozi lazima kuwe na kitambaa chembamba kilicholowa. Usitie chumvi kwenye barafu ili "iwe kali": chumvi huishusha chini ya sifuri na ngozi huungua kwa baridi.

Shikilia kwa mkono wako dakika 10, zisizidi 15, na kila baada ya dakika tatu au nne inua utazame. Ngozi ikiwa nyeupe, ngumu, au mbwa akianza kutetemeka mwili mzima, toa. Mpe mapumziko ya saa mbili au zaidi kabla ya kurudia. Mara tatu au nne kwa siku zinatosha. Usimfungie barafu kwa kamba ukaenda dukani.

Umeme umekatika na barafu hakuna? Maji ya mtungini yatakufaa. Lowesha kipande cha kanga, kamua kidogo, zungushia kiungo, na umpepee. Badilisha kila baada ya dakika mbili. Septemba na Oktoba hewa ikiwa kavu, maji hukauka haraka kwenye kitambaa na kuchukua joto la mguu, kwa hiyo njia hii hufanya kazi vizuri. Masika, hewa ikiwa nzito, utapata nusu ya faida hiyo.

Saa 72 zikipita, moto na uvimbe vikiisha lakini ugumu ukabaki, hamia kwenye taulo la joto. Uvimbe ukiwa bado upo, usihamie kwa sababu tu siku zimetimia. Rudi kwenye mgongo wa mkono.

Yasiyofaa kabisa

Vidonge vyako vya maumivu ni vyako. Ibuprofeni na diklofenaki hutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo. Parasetamoli kwa kipimo cha kukisia huharibu ini na damu. Ziko dawa za maumivu zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa, na daktari wa mifugo hutoa kwa kupima uzito.

Dawa za kuchua za binadamu zenye harufu kali nazo ziache. Mbwa hulamba kila unachompaka, na kemikali iliyomo kwenye nyingi ya dawa hizo, ya jamii ya aspirini, ni sumu tumboni mwake. Mafuta ya taa yanayopakwa magotini "yatoe baridi" yanababua ngozi na kumtapisha. Mimi sioni sababu ya kupaka chochote. Maji yanatosha.

Usikande kwa joto penye kidonda, usaha, damu inayovuja au uvimbe mgumu usioujua. Na mbwa ambaye mguu hausikii, yaani ukibana katikati ya vidole hageuki wala havuti, usimkande kwa joto wala kwa baridi: ataungua bila kulia.

Siku ya kumwita daktari

Mwite mara moja kama mbwa hakanyagi kabisa, mguu umepinda mahali pasipo na kiungo, amegongwa na bodaboda, uvimbe umetokea ghafla baada ya kuingia kichakani (nyoka wapo), ana homa, au anaburuta miguu yote ya nyuma. Mwite pia kama umekanda vizuri wiki mbili na bado anaamka vilevile. Anaweza kuhitaji picha ya eksirei, na kwa mbwa wa thamani au wa kazi wapo wanaomsafirisha hadi Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro, wanakofundishwa madaktari wa mifugo.

Wakati unamsubiri, punguza mzigo. Mbwa mnene anabeba maumivu yake juu ya maumivu. Ugali upungue na ashibe kwa dagaa na mboga. Kata kucha ndefu, zinamlazimisha kukanyaga vibaya. Mtoe kwenye saruji: gunia mbili zilizojazwa nyasi kavu au maganda ya mpunga, zibadilishwe zikilowa, zinamfaa mbwa wa baraza kuliko godoro. Anayefungwa mnyororo mchana kutwa afunguliwe atembee kidogo asubuhi na jioni, kwa sababu kiungo kisichotumika hukakamaa zaidi.

Daktari akifika, atakuuliza maswali ambayo wengi hujibu kwa "tangu zamani kidogo". Andika mapema kwenye daftari au kwenye simu: ni mguu upi, ulianza lini, ni mgumu akiamka au baada ya kukimbia, kiungo kilikuwa na moto au hakina, ulikanda kwa joto au kwa baridi na dakika ngapi, na baada ya hapo alitembeaje. Ukiweza, mpige video ya nusu dakika alfajiri anapoinuka, kwa sababu daktari akija saa tano atamkuta anatembea vizuri.